Wakili wa Nani?

Dada yangu Beryl hajazoea kuchagua. Rangi ya mapazia alichagua mumewe, Wilf, na Wilf alipofariki mapazia yalibaki yale yale. Hata mkahawani, mimi nikiagiza keki ya ndimu, yeye husema, "Na mimi hiyo hiyo." Kwa hiyo mwanawe wa pekee, Graham, alipotutangazia kwamba sasa ni wakati wa kutafuta wakili wa nyumba, sikudhani hata kidogo kwamba Beryl ndiye angetuweka roho juu.

Tulikuwa mezani kwa Graham, pale Todmorden, mimi na Beryl, kama kila Jumapili. Nyama ya ng'ombe ya ovenini, viazi, karoti, mchuzi mzito. Mkewe Graham, Janine, ni muuguzi wa hospitali, mwanamke wa maneno machache na sura kavu, nami tangu siku ya harusi nilimhesabu kuwa na kiburi. Siku ile Graham hakungoja hata mchuzi umfikie.

"Mama, tumeipata," alisema. "Nyumba. Ina chumba chini, na bafu lake hapo hapo. Hutapanda ngazi tena maisha yako."

Beryl akaweka uma chini, macho yakamlengalenga machozi. Alikuwa akiishi peke yake mtaa wa juu, katika kijumba cha mawe ambacho ngazi zake zimesimama wima, na magoti yake yalikwisha kuchoka. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi kueleza. Beryl angeuza kijumba chake, pesa yote iwe kianzio cha nyumba mpya, na benki iwakopeshe Graham na Janine kilichobaki. Wote watatu wangehamia pamoja.

"Dalali ametupa jina la mawakili," Graham akaendelea. "Wako Leeds. Bei nafuu, kila kitu kwa simu na kompyuta, huna haja hata ya kuwaona sura."

"Unanunua nyumba au unaagiza viatu?" nikamuuliza.

"Mama mdogo, hii ni karne nyingine."

"Karne nyingine, dalali ni yule yule. Hajakupa jina kwa mapenzi huyo. Kila mteja anayempeleka, anakatiwa chake."

"Samahani," akasema Beryl. Ndivyo anavyoanza kila sentensi. "Samahani, mwanangu, sisi si tuna Bwana Ormerod? Ndiye aliyeshughulikia wosia wa baba yako. Ndiye wakili wa familia."

Hapo tukakosea, wote kwa pamoja, na hakuna aliyeshtuka. Katika miji yetu hii ya bondeni kila ukoo una wakili wake, kama ulivyo na kanisa lake hata kama hauendi kusali. Baba akifa, mtoto anamrithi wakili pamoja na saa ya ukutani. Tukisema wakili wa familia, tunadhani familia ni mtu mmoja. Graham alinung'unika kidogo, kisha akakubali, kwa sababu ni vigumu kumkatalia Beryl akishaomba samahani.

Ofisi ya Ormerod iko juu ya duka la mikate. Mwenyewe ni mzee mrefu, mabega yameinama, na sauti yake ni ya chini sana, lazima unyamaze ndipo umsikie. Palikuwa na viti vinne mbele ya meza yake. Mimi sikualikwa, lakini kiti cha nne kilikuwa kitupu, nikakaa.

Akamuuliza Graham ni benki gani inayomkopesha. Graham akaitaja.

"Vizuri. Nimo kwenye orodha ya mawakili wanaokubaliwa na benki hiyo," alisema. "Sasa mjue, nikiwa wakili wenu kwenye ununuzi huu, nitakuwa pia wakili wa benki. Ndivyo inavyofanyika. Nikigundua jambo lolote lenye uzito kwa mkopo ule, benki nayo ni mteja wangu."

"Sawa tu," akasema Graham. "Hatuna la kuficha."

"Na kianzio kinatoka kwa Bi Barraclough hapa?" akauliza, akimwelekea Beryl.

"Ndiyo. Mama anahamia kwetu."

Ormerod akavua miwani. "Basi itabidi mchague. Naweza kuwa wakili wenu ninyi wawili na benki. Au naweza kuwa wakili wa mama. Siwezi kuwa wa wote."

"Kwa nini? Sisi ni kitu kimoja."

"Leo," akasema Ormerod.

Graham akawa mwekundu mpaka masikioni. "Unataka kusema nitamwibia mama yangu?"

"Sijasema hivyo, kijana. Nasema benki itamtaka mama yako asaini kwamba pesa hii ni zawadi, na kwamba hadai kitu chochote katika nyumba. Atasaini pia kwamba mkopo ukiwashinda na benki ikaichukua nyumba, atatoka kama ninyi. Benki inataka asaini. Wewe unataka asaini. Nani atakaa upande wake wa meza amuulize kama yeye anataka?"

"Mimi," nikasema.

"Nawe ni nani?"

"Mdogo wake."

"Basi nawe una upande wako," akasema, bila hata kunigeuzia uso.

Janine akacheka puani. Nikamkata jicho.

Beryl alituomba samahani sote. Alimwomba Ormerod kwa kumsumbua, akamwomba Graham kwa maneno ya Ormerod, nami akaniomba kwa kunitoa nje kwenye mvua. Graham alikuwa keshafika mlangoni. "Tunakwenda na wale wa Leeds," alisema akishuka ngazi. "Huyu mzee amezeeka vibaya." Beryl alibaki nyuma akifunga skafu yake, nami nikajifanya natafuta mwavuli, nikamsikia Ormerod akimwambia, "Bi Barraclough, kwa kuwa wameniacha, sasa niko huru. Ukinihitaji, mlango ndio huu."

Basi tukaanza kungoja. Huku kwetu nyumba hainunuliwi kwa kukubaliana bei. Mpaka siku mawakili wabadilishane mikataba iliyosainiwa, yote ni maneno, na mtu yeyote anaweza kuamka asubuhi akabadili nia, asidaiwe chochote. Na kila mmoja anamngoja mwenzake. Vijana waliotaka kijumba cha Beryl, msichana ana mimba kubwa, walikuwa wakimngoja Beryl. Wazee waliokuwa wakiwauzia kina Graham walikuwa wakimngoja Graham. Mmoja akijitoa, wote wanaanguka. Beryl, ambaye hawezi kumchelewesha hata mtu aliye nyuma yake dukani, akawa hali chakula vizuri kwa kumfikiria yule msichana.

Wale wa Leeds nao walikuwa na mambo yao. Kila Graham akipiga simu anajibiwa na mtu mpya, naye anaanza kueleza tangu mwanzo. Jumapili moja alitupa simu juu ya kochi. "Leo nimeongea na mtu ambaye hajui hata kama nanunua au nauza!"

"Si karne nyingine hii," nikasema.

"Thelma," Beryl akanikanya, "mwache mtoto."

Hatimaye karatasi ya Beryl ikafika kwa posta. Nitawapa wale wa Leeds haki yao: waliandika wazi kwamba kabla ya kusaini lazima ashauriwe na wakili wake mwenyewe, si wao. Graham alikwisha kulitafutia dawa hilo pia.

"Kuna mama mmoja wakili, anafanya kwa video," alimwambia Beryl. "Anakusomea, unaitikia, unasaini, kwisha. Chai yako haitapoa."

"Samahani, mwanangu," akasema Beryl. "Nitakwenda kwa Bwana Ormerod."

"Mama, atakuchanganya yule."

"Labda. Lakini ndiye niliyemchagua."

Birika nusura linidondoke.

Nilimsindikiza. Nilikuwa na maswali yangu tayari kichwani, nimeyapanga njia nzima. Ormerod akafungua mlango, akamkaribisha Beryl, kisha akanisimamisha mimi kwa kiganja. "Wewe utangoja hapa."

"Mimi ndiye ninayempeleka kwa daktari! Mimi ndiye—"

"Najua," alisema, akafunga mlango.

Nilikaa kwenye kiti cha baraza la juu, harufu ya mikate inapanda kutoka chini. Nilijaribu kusikiliza, lakini kwa ile sauti yake ungedhani anaongea na viatu vyake. Nikasoma gazeti la zamani la bustani, kisha nikalisoma tena. Beryl alipotoka uso ulikuwa umempauka. Karatasi ilikuwa bado mkobani, haijasainiwa.

Tukaenda mkahawani, chai ikaletwa.

"Ameniambia mambo yalivyo," alisema. "Hakunitisha wala hakunibembeleza. Nilimwomba aniandike kwenye hati ya nyumba, hata jina dogo tu pale chini. Amesema benki hii haitakubali, kwa umri wangu. Ni zawadi kamili, au hakuna mkopo na hakuna nyumba. Wakiachana, nyumba inauzwa na mimi sina hata kiti cha kudai. Graham akitangulia, nyumba ni ya Janine. Na Janine akisema nitoke, nitatoka."

"Haya, umesikia kwa masikio yako. Usisaini."

"Amesema kabla ya kuamua niwaulize swali moja, wote wawili, uso kwa uso. Niwatazame wakijibu."

"Swali gani?"

"Utalisikia Jumapili," akasema, na nilipomwita mhudumu, aliagiza andazi la zabibu kavu, mimi nikiwa nimeagiza keki.

Jumapili Janine alikuwa ametoka zamu, macho mekundu kwa uchovu. Alipika hivyo hivyo. Beryl alingoja mpaka sahani ziondolewe na kastadi imiminwe.

"Samahani," alianza. Akasita, akakunja kitambaa chake mapajani, akaanza upya. "Graham. Janine. Ninyi mkiachana, au mmoja wenu akifa, mimi nitaishi wapi?"

"Kwetu, mama! Swali gani hilo?" Graham hajameza hata alichokuwa akitafuna. "Utaishi nasi mpaka mwisho wako."

"Nimesema mkiachana."

"Hatuachani."

"Janine?" akaita Beryl.

Janine alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka. Alimtazama Beryl, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akamtazama tena.

"Sijui, mama," alisema.

"Janine!"

"Ameniuliza, Graham. Sijui. Nikibaki peke yangu na mkopo ule na mshahara wangu mmoja, sijui kama nitaweza kuishikilia nyumba. Ningependa kukwambia utakaa nami, mama. Nataka sana kukwambia hivyo. Lakini kila wiki nawapokea wodini wazee walioahidiwa kila kitu, na walioahidi hawaji hata kuwatazama. Siwezi kukwambia tu ili uifurahie kastadi."

Mimi nilifurahi, acha niseme ukweli. Nilijiona nimeshinda kesi. "Umesikia, dada?" nikasema. "Umesikia vizuri?"

Graham alisimama, kiti kikaburuzika. Benki imetoa muda na muda unakwisha, alisema. Wale wazee wamekwisha kufunga vyombo. Yule msichana atajifungua katikati ya maboksi. "Yule Ormerod amekutia sumu, mama. Tangu lini umeanza kutuhoji kama polisi?" Sauti ikamkatika, akatoka nje kwenye ua, na kupitia dirishani tukamwona amesimama tu pale, mtu mzima, anafuta macho, mvua inamnyea. Ni mtoto mwema Graham. Sikuwahi kumwona akilia tangu maziko ya baba yake.

Beryl alimaliza kastadi yake yote, akamshukuru Janine kwa chakula.

Tulirudi kwa miguu kando ya mfereji, mimi namshika kiwiko. Nilikuwa nimeanza kupanga jinsi tutakavyomwambia dalali, na nani awapigie wale vijana simu, aliponikatiza.

"Kesho nitasaini, Thelma."

Nilisimama. "Umerukwa na akili? Mkamwana wako amekwambia machoni kwamba atakutoa!"

"Hakusema atanitoa. Amesema hajui. Graham alijibu hata swali halijatua. Ningemuuliza kama kesho mvua itanyesha angenijibu vile vile. Janine alilipokea swali langu akaona uzito wake. Nilimwona akiogopa. Mtu huyo naweza kuishi naye. Siku hiyo ikija, ataniambia mapema na ataniambia kweli."

"Na ukishaambiwa kweli, utalala wapi? Kweli ina paa?"

"Haina."

"Basi baki kwako! Nyumba ni yako, hakuna wa kukutikisa. Kama mimi."

"Kama wewe," akasema.

Hakulisema kwa ubaya, na labda ndiyo maana liliniingia. Tulitembea kidogo. Bata walikuwa wamejikunyata ukingoni. Kisha akaniuliza, polepole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Jana uliongea na nani, Thelma?"

Jana ilikuwa Jumamosi. "Na redio," nikasema, nikajaribu kucheka.

Yeye hakucheka. "Mimi naogopa," alisema. "Usidhani siogopi. Nikifikiri siku nitakayoambiwa nifungashe, naamka usiku nikawasha taa. Lakini sasa najua ninachokiogopa. Kama ningesaini kwa yule mama wa video, wangekuwa wameichukua nyumba yangu, hata kama hakuna aliyenidanganya. Ormerod amenieleza mpaka nimeelewa. Sasa nikitoa, nimetoa mimi."

Nilibishana naye mpaka mlangoni kwake. Nilimwita mjinga. Nilimtaja Wilf, jambo ambalo sikupaswa kulifanya, nikasema angekuwa hai asingekubali. Aliniambia Wilf hayuko, na kwamba viatu vyangu vimelowa, niende nikabadilishe.

Alisaini kesho yake. Mimi niliachwa tena nje, na safari hii sikufungua gazeti. Ormerod alipomtoa, nilimvamia pale pale mlangoni.

"Umemwacha asaini! Unajua yote yanayoweza kumpata, ukamwacha!"

"Mimi ni wakili wake, bibi," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Si mlezi wake." Akampa Beryl mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko desturi ya mawakili.

Mawakili walibadilishana mikataba wiki ile ile, na siku ya kuhama ikafika. Wale wa Leeds walichelewesha pesa, tukakaa ndani ya gari la mizigo nje ya nyumba mpya, funguo ziko kwa dalali na dalali hatoi mpaka aambiwe pesa imeingia. Beryl alikuwa amekaa katikati yetu, mikono juu ya mkoba. Kijumba chake kilikwisha kuwa cha watu wengine tangu adhuhuri, na nyumba hii bado haijawa ya mwanawe. Kwa muda ule hakuwa na kwao popote. Nilipomshika mkono ulikuwa baridi sana, nikaufunga ndani ya koti langu.

Simu ikaja. Graham alikimbilia funguo kama mtoto. Janine ndiye aliyemshusha Beryl garini, akampitisha mlangoni, akamwonyesha chumba chake cha chini. Kitanda ndicho kilichoingizwa kwanza, na Janine akakitandika. Beryl akakaa ukingoni, akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda.

"Graham!" akaita, bila samahani. "Niletee chai!"

"Ngoja nilitafute birika, mama, liko kwenye boksi gani sijui!" Graham akajibu kutoka jikoni, na Janine akamfokea kwamba boksi limeandikwa ubavuni, kama ana macho. Beryl alikuwa akiwasikiliza, ameinamisha kichwa upande mmoja.

Janine akanigeukia. "Mama mdogo, baki ule nasi. Ni chipsi na samaki wa dukani tu."

"Nina shughuli zangu nyumbani," nikasema. Sikuwa na shughuli yoyote.

Sijui kama dada yangu alichagua vizuri. Nikilala nafikiria siku ambayo Janine atalazimika kulijibu lile swali kwa vitendo. Lakini jioni ile nilipanda mtaa wangu, nikafika kwenye nyumba yangu ambayo haina deni, ambayo hati yake ina jina moja, ambayo hakuna benki wala mkamwana wa kunitoa. Nikaingiza ufunguo, nikasukuma mlango, nikasimama kizingitini huku mvua inanipiga mgongoni, kwa kuwa hapakuwa na mtu ndani wa kumpigia hodi.